Nani Aliyachukua Maumivu Yangu

Juzi nilimpeleka mama kwenye zahanati moja hapa Sake akapasuliwe kidole. Halikuwa jambo kubwa. Kidole chake cha kati cha mkono wa kuume kilikuwa kikikwama kila asubuhi, kimejikunja, mpaka akinyooshe kwa mkono wa pili, nacho kikiachia kinalia ka! kama kijiti kikavu. Miaka ya kuambua maharage na kukamua nguo imemlipa hivyo. Mimi nilikuwa nimejikaza, mtu mzima mwenye watoto wangu, nimebeba chupa ya chai na kitenge cha akiba. Lakini muuguzi alipolowesha pamba kwa alkoli, ile harufu ya baridi ikanifikia pale nilipokaa, na kiganja changu cha kushoto kikaanza kuniwasha katikati, penye kovu. Nikarudi kuwa yule mtoto wa miaka sita, sijui saba, asiyeelewa kitu.

Nasema asiyeelewa, na sijishushi. Nimewasikia watu wa rika langu wakisimulia utoto wao, wote eti walikuwa werevu, waliona mambo ambayo wakubwa hawakuyaona. Hongereni. Mimi nilikuwa mtoto wa kufikiri sana na kufika mahali sipo, na hadi leo kuna siku moja ya utoto wangu ambayo nikiigeuza hivi na vile, bado inanichanganya.

Mliokulia vilima vya Masisi mnajua kuwa maharage yetu hayatambai chini, yanapanda miti. Mavuno yakiisha, ile miti inang'olewa na kufungwa mafungu kwa ajili ya msimu ujao, na kung'oa ni kazi ya watoto. Nilikuwa nimeng'ang'ana na mti mmoja uliokataa kabisa kutoka ardhini. Nikauvuta kwa hasira, nikiutukana, ukaachia ghafla, ukaniteleza kiganjani, na kibanzi kikabaki ndani ya nyama. Sikumwambia mtu kwa sababu ya lile tusi. Nilidhani Mungu ndiye aliyenichoma, na nikaona tulikuwa tumelipana.

Kidonda kilifunga juu, kibanzi kikabaki chini. Baada ya muda pakaota kinundu, kwanza kama punje ya haragwe, kisha kikawa kikubwa, chekundu, chenye joto, na vidole vikaanza kukataa kukunjika. Hapo ndipo Koko aliponikamata mkono siku moja nikila, akaugeuza, akapiga yowe.

Koko alikuwa mama yake baba, tuliishi naye nyumba moja. Alikuwa na pembe ya ng'ombe, fupi, iliyotobolewa nchani, nyeusi kwa kushikwashikwa. Watu wa kilima chetu walikuja kwake na migongo yao na mabega yao. Alichanja kidogo kwa wembe, akabandika pembe, akafyonza, akaziba kitundu kwa nta, na pembe ikaning'inia mgongoni mwa mtu mzima huku akizungumza habari za mvua. Akiitoa, damu nzito iliyotoka aliifunga kwenye jani la mgomba, na mwenye ugonjwa alitakiwa aliache lile furushi mahali njia zinapokutana, aondoke bila kugeuka. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuliruka au kulikanyaga.

"Juu ya nini, Koko?" niliwahi kumuuliza.

"Juu maumivu haikufake," alinijibu, yaani hayafi. "Inatoka kwa huyu, inatafuta mungine."

Niliamini, na nilikuwa na ushahidi. Mtoto mmoja wa shule yetu aliyejifanya shujaa alilikanyaga furushi mbele yetu wote, na kesho yake akaja amejishika kiuno. Huenda alianguka, huenda alipigwa kwao. Lakini sisi tulishahukumu kesi ile na kuifunga.

Kwangu pembe ilishindikana. Kiganja changu kilikuwa kidogo, pembe haikushika. Koko alijaribu tena na tena, nikapiga kelele hadi jirani wakatoka nje. Ndipo mama aliposema inatosha, ataninyanyua kesho twende kwa munganga wa kituo cha afya. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Itebero, huko msituni Walikale, kwa wazazi wa mama, kuleta mafuta ya mawese, na safari ile ilikuwa na matope mengi kuliko njia. Mama alikuwa na mimba iliyokomaa, tumbo limeshuka. Koko akamwambia aache, yeye ndiye atanipeleka. Mama akakataa.

Lazima niseme kidogo kuhusu mama, maana bila hivyo hamtaelewa nilivyoelewa vibaya. Mama hakuwa mtu wa kulia. Watu wa kwao hutembea msituni mchana kutwa na mzigo kichwani, na hakuna wa kumsikiliza anayelalamika. Niliwahi kuona jembe likimkata muundi. Alikaa chini, akautazama mfupa, akaagiza chumvi. Basi. Kwa hiyo kichwani mwangu mama alikuwa kiumbe asiye na maumivu, kama vile kuku asiye na meno. Hakuumbwa nayo.

Na jambo la pili. Msimu uliotangulia, mama wa rafiki yangu Chantal alibebwa kwenye kipoyi kwenda kuzaa, wanaume wanne mabegani, wakiimba ili wasichoke. Alirudishwa kwenye kipoyi kilekile amefunikwa shuka jeupe, na safari hiyo hawakuimba. Chantal alikuwa nami tukiruka kamba. Tangu siku hiyo nilijua kuwa mama anaweza kwenda kule na asirudi. Kila nilipolitazama tumbo la mama yangu likikua, nilitamani nilisukume lirudi lilikotoka.

Asubuhi tuliondoka ukungu ukiwa bado chini, nyasi zimelowa, ng'ombe wa watu wakitutazama nyuma ya nguzo za malisho. Mama alisimama mara kwa mara. Aliegemea nguzo, akashusha pumzi kwa mdomo, kisha tukaendelea.

"Mama, umechoka?"

"Hapana. Mutoto anageuka tu. Tembea."

Nilishika pindo la kitenge chake kwa mkono mzima. Ule mwingine niliubeba kifuani, unapiga ndani yake wenyewe.

Kituo cha afya kilikuwa nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe na buluu, na nyuma yake chumba cha kuzalishia, kimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Muuguzi aliitwa Kambale, mtu wa upande wa Butembo, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kama anazungumza na mtu aliyelala. Alikitazama kiganja changu bila kukigusa. Akaniuliza kwanza jina.

"Sifa."

"Sifa, kwenu kuko ngombe?"

"Ya jirani. Inaitwa Gaju."

"Gaju iko na rangi gani?"

Nikaanza kumweleza. Wakati naeleza, aliweka kichupa kidogo cha kioo ndani ya ngumi yake, akakifumba, akakishika tu, hafanyi kitu. Nikaacha kueleza, nikaitazama ile ngumi.

"Dawa iko na baridi," akasema. "Na ile baridi njo inaumaka. Ngojea tuipatiye joto kwanza. Gaju inatoaka maziwa mingi?"

Nimekutana na waganga wengi tangu hapo, wa vyeo na miwani, na sijaona mwingine aliyekaa na dawa mkononi ili ipate joto la mtu kabla ya kuingia kwa mtu. Alinilaza kwenye kitanda, akakaa mama karibu na kichwa changu, kwenye kigoda, anishike mkono wa kuume. Mkono wa kushoto ukawekwa kwenye kibao, ukafunikwa kitambaa chenye tundu, ili nisiuone. Akapaka alkoli. Ndiyo harufu ile.

"Sasa utasikia siafu. Anauma kidogo, kisha anaachilia. Nikisema siafu, unipulizie pumzi kama unazima moto. Haya. Siafu!"

Nilipuliza. Siafu aliuma. Akasukuma dawa polepole mno, akiuliza habari za Gaju, na kiganja kikajaa, kikawa kizito, kikawa na joto, na kisha kikaanza kuondoka. Sijui kusema vingine. Kiliondoka kwangu kidogo kidogo, kikaanzia katikati, kikafuata vidole.

"Unasikia?" Alikuwa ananichoma kwa ncha ya kitu.

"Nasikia unanigusa."

"Inauma?"

"Hapana."

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kwenda kombo. Ule mkono ulikuwa umeniuma mwezi mzima, mchana na usiku, niliuzoea kama mtu anavyomzoea ndugu mbaya. Sasa nilimsikia Kambale akiuvuta, akiusukuma, akiupasua, nasikia kabisa kwamba nyama inaachana, na haiumi. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa pembe.

"Munganga," nikamwita. "Maumivu imeenda wapi?"

Mtu mwingine angenidanganya. Angesema imeondoka, imekimbia. Kambale alikuwa mtu wa kweli, akainama juu ya kazi yake, akanijibu kama anavyomjibu mtu mzima, akiniita mama kama wasichana wote wanavyoitwa kwetu.

"Haikuenda fasi, mama. Iko palepale. Ni wewe tu hauisikie."

Jibu hilo, kwamba hayakuenda mahali, ni sahihi, nimelisoma baadaye kwenye vitabu. Lakini lipelekeni kwa mtoto aliyelelewa na Koko na pembe yake. Kama maumivu yapo palepale, na mimi siyasikii, basi kuna mtu anayeyasikia. Haiwezekani yawepo tu, bila mwenyewe. Nikageuza kichwa nimtafute.

Mama alikuwa amefumba macho. Jasho limemtoka juu ya mdomo, matone matone. Meno ameyauma. Mkono wake uliokuwa umenishika ulikuwa unanikaza, unalegea, unanikaza. Na kutoka kwenye jicho lake, mama yangu ambaye jembe lilimkata akaomba chumvi, likatoka chozi, likashuka hadi kidevuni.

Nikajua. Nilikuwa nimemshika mkono. Maumivu yalitoka mkono huu, yakapita kifuani kwangu, yakatokea mkono ule, yakaingia kwa mama. Na yalikuwa yanashuka tumboni, kwa sababu kwa mkono wake mwingine alikuwa ameshikilia tumbo.

Niliuchomoa mkono wangu kwake, nikapiga kelele ambayo nadhani hata Gaju aliisikia.

"Rudisha! Rudisha! Rudishia mukono yangu maumivu yake!"

Maskini Kambale. Alisikia mtoto anapiga kelele, na jambo la kwanza lililomjia ni lile ambalo lingemjia muuguzi yeyote mwema.

"Pole, pole mama. Haijashika muzuri. Nitaongeza."

Akachukua sindano, akaongeza dawa. Nami nikamwona mama akiinama mbele mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda changu, akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, nzito, ya chini, kama mlango wa zizi unaosukumwa. Nikaelewa kwamba nikipiga kelele tena ataongeza tena. Nikafunga mdomo. Nililala pale, machozi yakiingia masikioni, namtazama mama anateseka kwa ajili yangu, na nimekatazwa na akili yangu mwenyewe kusema neno.

"Mama Sifa," Kambale akasema, sasa amemwona. "Uko sawa kweli?"

"Maliza ya mutoto kwanza," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Maliza."

Akamaliza. Kibanzi kilitoka, cheusi, kimelowa usaha, urefu wa ukucha wa Koko. Aliniwekea kwenye pamba nikione, akashona, akafunga bandeji, akanifungia mkono shingoni kwa kilemba cha mama. Mama aliposimama ili anipokee, maji yakamwagika sakafuni kati ya miguu yake. Kambale akaita kwa nguvu, akaja mkunga kutoka nyuma, wakamshika huku na huku, wakampitisha kwenye ule mlango wa mbao. Mama aligeuka akaniambia nikae kwenye benchi nisiondoke. Nilitaka kumwambia kwamba nimejua kila kitu, na kwamba nitayarudisha. Mlango ukafungwa.

Nilikaa. Nyuma ya mbao mama alikuwa anaguna. Nikaanza kazi. Kwanza niliupiga ule mkono kwenye benchi. Nikasikia ubao, sikusikia maumivu. Nikaingiza vidole mdomoni nikaviuma. Vilikuwa na ladha ya dawa, vinene, si vyangu. Nilifikiri kama ningekuwa bado nimemshika mama mkono ingekuwa rahisi, njia ingekuwepo. Sasa kulikuwa na ukuta.

Koko alifika jua likiwa juu, na gudulia la maziwa ya mgando na viazi ndani ya kitambaa. Mtu wa pikipiki alikuwa amempelekea habari. Akasikiliza ukutani, akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo, akakaa kando yangu na kunipa viazi. Sikuweza kula.

"Koko. Muntu akimupatia mwenzake maumivu, anaweza kuikamata tena?"

Koko alinitazama. Alidhani naongea juu ya pembe yake.

"Anaweza. Kama anaiita na roho moja, itakuja. Lakini nani ataiita? Wote wanaikimbiaka."

Niliiita. Niliinama juu ya ile bandeji nikaiita kwa siri, kuja, kuja kwangu, kuja hapa, kama unavyomwita ndama anayeogopa. Mwanzoni hakikuja kitu. Nyuma ya mbao sauti ya mama ilizidi, nikaona yamemganda, hayataki kutoka. Nikamfikiria Chantal na ile kamba. Nikaita zaidi. Kisha katikati ya kiganja pakaanza kitu, kama mchwa anatembea. Pakapata joto. Vidole vikaanza kurudi kimoja kimoja, na kila kimoja kilirudi na chake. Nikamshukuru Mungu na kumwomba anisamehe lile tusi la shambani. Maumivu yakafika kifundo, yakafika kiwiko, yakapiga kama mtu anatwanga ndani yangu, mabaya kuliko ya mwanzo, na mimi nikiyaambia njooni nyote, msibaki huko, njooni. Nyuma ya ukuta mama akapiga yowe moja, kisha kimya.

Kimya kile sitaki kukieleza.

Kisha mtoto akalia. Na baada ya mtoto, mama akacheka. Kicheko cha uchovu, kifupi, lakini chake. Nami mkono ukiniwaka moto, kamasi limenitoka, nikacheka pia.

"We Sifa," Koko akasema, amechanganyikiwa. "Uko nalia ao uko nacheka?"

"Yote," nikamwambia.

Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa kisa cha kuchekesha. Lakini jioni, kabla hatujaondoka, Kambale alikuja na karatasi aliyoisokota, ndani yake vidonge vyeupe, vile tulivyoviita kinini. Akachuchumaa mbele yangu, akanitazama mkono, akaniona nilivyoukunja uso.

"Inauma sasa, eh? Kamata kinini. Maumivu itapunguka."

Nikaona mtego wote. Yatapungua kwangu, yaende wapi? Mama alikuwa amelala upande wa pili, amechoka, ana kitoto kichanga, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Yakimrudia sasa atakufa. Nikapokea kidonge, nikakiweka chini ya ulimi, nikanywa maji, nikafungua mdomo aone. Kilikuwa kichungu hadi masikio yakasisimka. Nikakitema kwenye kiganja kizima alipogeuka.

Nyumbani tulikuwa na nyumba ya mbao, kama wote, na nyuma ya kitanda changu palikuwa na ufa kati ya mbao mbili. Kila Koko aliponipa kidonge, kilikwenda kwenye ufa. Mkono uliuma. Uliuma kweli, siwezi kuupamba. Nililala nimeubana kati ya magoti, nikahesabu pumzi za mama upande wa pili wa pazia. Kila mdogo wangu aliponyonya, uso wa mama ulikunjamana kidogo, akivuta pumzi kwa meno. Sasa najua tumbo la mzazi hujikaza mtoto akinyonya, na kila aliyezaa anaujua ule mkazo. Mimi niliona maumivu yamevuja kumrudia. Nilikamua kiganja changu mpaka bandeji ikalowa, niyavute tena, mpaka uso wake ulegee. Na ulilegea! Kila mara ulilegea. Niambieni, mngekuwa ninyi, mngeacha kuamini?

Koko alinisifu kwa majirani kuwa silii. "Huyu ni mama yake kabisa. Haliake." Kambale aliponitoa nyuzi alifurahi, akasema dawa zimefanya kazi. Nikatazama sakafu. Baba aliporudi na mawese yake alikuta mtoto wa kiume na binti mwenye kovu, akatubeba wote wawili kwa pamoja, nami nikadhani nimeokoa nyumba nzima na hakuna anayejua.

Nikakua. Shuleni mwalimu wa biolojia alichora neva ubaoni, akaeleza kuwa dawa ya ganzi inafunga njia, habari haifiki ubongoni. Nikaandika, nikapata alama nzuri. Lakini nakwambieni, yale niliyoyaandika hayajawahi kushuka kutoka kichwani hadi kwenye mkono. Mkono una elimu yake. Kila ninapochomwa sindano ya ganzi, hata ya jino, macho yangu yanatafuta nani aliyekaa karibu.

Kilima chetu tulikiacha, kama wengi walivyoacha vyao. Tulibomoa nyumba tuondoke na mbao zetu. Mimi nilitangulia na mdogo wangu mgongoni, mama na Koko wakabaki kung'oa mbao. Sikuukumbuka ule ufa. Koko hakuishi sana baada ya hapo. Pembe yake tuliizika naye.

Basi juzi, pale Sake. Muuguzi alikuwa kijana, ana haraka, ana simu inayolia mfukoni. Alivunja shingo ya kichupa, akavuta dawa. Mama akainua mkono wake mzima.

"Mutoto yangu, ipatiye joto kwanza."

"Nini, mama?"

"Ile dawa. Ishike kidogo mu mukono. Baridi njo inaumaka."

Kijana alinitazama, nikainua mabega, akaifumba ile sindano kwenye ngumi. Mimi nilikuwa nimeshtuka. Sikujua kwamba siku ile, na uchungu wa kuzaa ukimtafuna, mama alikuwa akisikiliza kila neno.

Akachomwa. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Kisu kikaingia chini ya kidole, nikaona damu ikichuruzika kwenye kitambaa, naye mama amelala anatazama dari na uso mtulivu kabisa, akimuuliza kijana kama ameoa. Na mimi, mtu mzima, mwenye alama nzuri za biolojia, kiganja kikanibana, machozi yakanitoka bila kuniuliza. Nikageuza uso asinione.

"Ngojea, munganga," mama akasema. "Simama kidogo."

"Inakuuma, mama?"

"Mimi hapana. Huyu njo anaisikia." Akanionyesha kwa kidevu. Kisha akanikazia macho, na kwa ile sauti yake kavu akasema, "Rudisha. Rudishia mukono yangu maumivu yake."

Kijana hakuelewa kitu. Miaka yote ile nilidhani mama hakusikia, au alisikia akafikiri ni kelele za mtoto. Alicheka, akamwambia kijana aendelee, na hakusema zaidi.

Nilimpeleka kwangu, nikamlaza, nikampa uji. Jioni nilimwona ameubeba mkono kifuani kama nilivyokuwa nikiubeba wangu, na midomo ameibana. Nikamuuliza kama amemeza vidonge vyake. Akasema ndiyo. Nikaona fundo kwenye ncha ya kitenge chake, nikalibinya. Vilikuwemo.

"Mama! Juu ya nini haukukunywa?"

"Nikikunywa, itaenda kwako."

Nilidhani ananitania. Nikasema, mama, acha michezo, hayo ni mambo ya mtoto.

"Zile za kwako nilizikutaka," akasema, yaani alivikuta vidonge vyangu ufani alipong'oa mbao. "Siku tulitosha bibao. Zimejaa mule, zimekuwa unga. Koko alisema ni dawa ya panya. Mimi nikakumbuka vile ulilia kwa munganga, na nikaelewa. Nilikaa pale chini na nilishindwa kusimama. Siku ile ya kibanzi sikulia juu ya tumbo, Sifa. Nililia juu ya kukuona umelazwa vile, ukanyamaza. Kumbe wewe uliniona, ukakamata na yangu juu ya yako."

Kwa hiyo sijui tena. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nilikosea, kwamba lile chozi lilikuwa la uchungu wa uzazi, basi. Sasa ananiambia lilikuwa langu. Nililia pale mbele yake bila aibu, na sikuweza kusema nalia nini.

Nikamletea maji. Akafungua fundo kwa meno, akatoa vidonge viwili. Kimoja akakiweka katikati ya kiganja changu cha kushoto, juu ya kovu. Cha pili akakibakiza.

"Kunywa na mimi, pamoja," mama akasema. "Tuone sasa itaenda fasi gani."